Nganda ya mashoga: tunachokisema Mapendo na kinachotendeka kweli

Kwa miezi kadhaa sasa vikundi vya WhatsApp vya parokia zetu za Goma vinapokezana habari ya "nganda ya mashoga". Mmoja anaiweka Mapendo, upande wa kushukia Petite Barrière. Mwingine anasema iko Birere kabisa, nyuma ya depo za vitenge. Wa tatu ameambiwa kwamba ilihamia Katindo. Hakuna aliyetaja avenyu wala mlango. Kila anayesimulia alisikia kwa shemeji, kwa motari, kwa mtoto wa jirani. Na karibu kila ujumbe unaishia pale pale: wachungaji wafanye jambo kabla kartiye haijaharibika.

Ninaandika kwa sababu ya maneno hayo ya mwisho. Ni jambo gani tunaombwa tulifanye? Wanaoandika hawasemi, lakini sisi sote tunaishi Goma na tunajua namna jambo linavyofanywa hapa. Mtu akipigiwa kelele ya mwizi sokoni, kabla hajamaliza kutaja jina lake, tairi imekwisha kuletwa.

Niseme mapema ili tusipoteze muda. Makanisa yetu yanafundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, nami ninafundisha hivyo katika darasa la ubatizo na kwa wachumba wanaokuja ofisini. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, nayo inazungumzia ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Sijakutana na mtu Mapendo anayeomba hayo yabadilishwe. Swali langu ni lingine: nganda hii ni kitu gani, nani anaingia humo, na siku sisi watu wa kanisa tutakapotaja nyumba fulani kwa jina, nani atalipa.

Wakaaji wa Mapendo hawahitaji kuelezwa nganda ni nini, lakini wasomaji wetu wa mbali wanivumilie. Ni chumba cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, mabenchi manne, sanduku la kupozea vinywaji, redio yenye sauti kuliko ukubwa wake. Mwenye kazi mara nyingi ni mama, mjane au mke ambaye bwana yake alikwenda kwenye machimbo na hatumi kitu. Anauza Primus kwa mwenye nazo na kasiksi kwa asiye nazo, na sambaza za kukaanga kwa wote. Wanaoketi pale ni wabebaji wa mizigo wa mpakani, wenye kubadilisha pesa, wamotari, watu wa silaha wa wakati huo wawe nani, mabinti wanaouza miili yao kwa sababu ya njaa. Na ndiyo, kuna siku utakuta vijana wawili watatu wameketi pembeni, wanaongea kwa sauti ya chini, wanacheka kwa namna yao. Mama wa nganda haulizi. Akianza kuuliza kila mteja anampenda nani, atafunga kabla ya saa kumi na mbili.

Je, vijana watatu wakikaa pembeni nyumba nzima inakuwa "nganda ya mashoga"? Kwa hesabu hiyo nyumba ile ile ni nganda ya wabadilisha pesa, na Ijumaa jioni ni nganda ya wazee wa kanisa fulani ambao sitawataja.

Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika. Kimebadilika, na ni vizuri tukielewe. Kwa miaka mingi maisha ya usiku ya Goma yalikuwa na ngazi mbili. Kulikuwa na Himbi na Les Volcans, hoteli za kando ya ziwa, wafanyakazi wa mashirika, watu wa MONUSCO, muziki wa bei ghali. Humo kulikuwa na wageni wa kila aina, na kijana aliyeonekana tofauti na wenzake hakutazamwa mara mbili. Kulikuwa pia na nganda zetu za chini, Birere, Mapendo, Majengo, ambako kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Januari 2025 ngazi ya juu ilianguka. Tarehe 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Juma moja baadaye mji wetu ulitekwa na M23. Mabenki yakafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mashirika mengi yakapunguza watu au yakaondoka. Hoteli za kando ya ziwa zilibaki na taa chache. Mtu aliyekuwa na pa kujificha kati ya wageni alibaki na nyumba ya mama yake, nganda ya mtaani, na telefone.

Ndiyo maana ninafikiri macho ya watu wetu hayakuwadanganya kabisa. Wameona nyuso ambazo hawakuwa wanaziona. Walikosea walipodhani kwamba kuna kitu kimeletwa na kufunguliwa Mapendo. Ni watoto wa mji huu, na wengi wao walipewa majina ya ubatizo katika parokia zetu.

Wafanyabiashara wetu wanaoshuka Kampala kuchukua bidhaa wanarudi na hadithi kwamba kule mabaa ya namna hiyo yamejaa. Tuangalie basi kilichotokea Kampala, kwa sababu habari zake zinajulikana. Mwaka 2010 mwanaharakati Jacqueline Kasha Nabagesera alifungua baa iliyoitwa Sappho Islands, katika mtaa wa Ntinda. Mwaka uliofuata ilikuwa imefungwa. Baada yake watu walikutana katika mabaa ya kawaida, siku moja katika juma, kwa kuelewana na mwenye baa. Agosti 2016 polisi walivamia klabu iliyoitwa Venom wakati wa mashindano ya urembo. Usiku wa Jumapili tarehe 10 Novemba 2019 wakaingia Ram Bar, katikati ya mji, wakakamata watu 125. Walisema wanafuata sheria ya tumbaku na shisha. Watu 67 walifikishwa mahakamani kwa kosa la kuleta usumbufu kwa umma. Machi 2020, wakati wa Covid, uvamizi haukuwa tena kwenye baa bali kwenye nyumba ya Kyengera iliyowapokea vijana waliofukuzwa kwao. Vijana wapatao 20 walikaa gerezani karibu miezi miwili, wakidaiwa kuvunja amri za Covid, kabla shitaka halijaondolewa. Mei 2023 ikaja sheria kali iliyoweka hata adhabu ya kifo kwa makosa fulani, na iliyomtisha pia mwenye nyumba anayepangisha. Watu wakafukuzwa vyumbani. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliikubali sheria hiyo kwa sehemu kubwa, lakini ilifuta kifungu cha wapangishaji na kile kilichomlazimisha kila raia kuripoti jirani yake.

Hiyo ndiyo Kampala "iliyojaa". Kutoka baa moja yenye jina, hadi siku moja ya juma katika baa ya mwingine, hadi nyumba ya kujificha, hadi kutokuwa na mahali.

Kuna jambo moja la Uganda ambalo sisi wachungaji hatupaswi kulipita haraka. Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilichapa majina na picha za watu liliowaita mashoga, pamoja na mwito wa kuwanyonga. David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki, alikuwa mmoja wao. Mapema Januari 2011 mahakama iliamuru gazeti liache. Tarehe 26 ya mwezi huo huo Kato aliuawa nyumbani kwake kwa nyundo. Polisi walisema ni wizi, na mtu mmoja alihukumiwa baadaye. Lakini ninachotaka tukitazame ni maziko. Mhubiri aliyesimama pale, mbele ya mama mzazi wa marehemu, aligeuza ibada kuwa mashambulio juu ya mashoga. Fujo ikatokea. Wanakijiji wakakataa kushika jeneza, rafiki za marehemu wakalibeba wenyewe. Aliyemaliza sala kaburini alikuwa Askofu Christopher Senyonjo, mzee ambaye kanisa lake lilikuwa limemtenga. Nimezika watu wengi katika miaka hii ya vita. Nimezika watu ambao sikuwajua hata jina. Sikumbuki siku ambayo mama wa marehemu hakuwa mtu wa kwanza wa kufikiriwa.

Huenda mtu akasema: Uganda ni serikali na sheria, sisi tunaongea tu. Basi tutoke Uganda twende Pwani ya Kenya, kwa sababu huko ndiko kuna mfano unaofanana zaidi na Mapendo. Mtwapa ni mji mdogo kaskazini ya Mombasa, unajulikana kwa mabaa yasiyolala na watalii. Mwanzoni mwa Februari 2010 uvumi ulienea kwamba wanaume wawili watafunga ndoa pale. Hakuna aliyejua jina la bwana harusi wala ukumbi. Maimamu wakalisema msikitini, viongozi wa Kikristo wakalisema nao, hata wakasimama pamoja mbele ya waandishi wa habari, jambo ambalo katika mambo mengine huchukua miaka kulipanga. Ijumaa tarehe 12 Februari umati ulikusanyika. Haukwenda kwenye ukumbi wa harusi, kwa sababu ukumbi haukuwapo. Ulikwenda kwenye kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI, ambacho kilikuwa kinatoa huduma za ukimwi. Wanaume waliotajwa na umati walipigwa. Polisi waliwachukua wengine. Kituo kilifungwa kwa siku kadhaa, na waliokosa dawa na vipimo siku hizo hawakuwa mashoga peke yao.

Harusi haikuwapo. Ilikuwa maneno matupu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nasisitiza habari ya Mtwapa kwa sababu hakuna mtu mbaya sana ndani yake. Hakuna dikteta, hakuna sheria mpya, hakuna pesa za siasa. Ni viongozi wa dini waliosikia jambo, wakalichukia, wakalirudia mbele ya watu kabla ya kuuliza. Baada ya miaka kadhaa watu wa afya wa pwani ile walianza kuwaalika maimamu na wachungaji katika mafunzo, wakae, wasikilize. Inawezekana kuliko tunavyodhani. Lakini waliopigwa walikuwa wamekwisha kupigwa.

Kwetu sisi Kivu tunao mfano wa karibu zaidi, ingawa si wa mashoga. Mwaka 2021 katika Kivu ya Kusini akina mama walichomwa moto baada ya kunyoshewa kidole na wale walioitwa bajakazi, watu waliodai kuwa na karama ya kutambua wachawi. Makanisa yetu yalilaani, na ilikuwa haki kulaani. Tuliuliza: nani aliwapa hao mamlaka ya kutaja? Swali hilo linaturudia sasa.

Wengi huniambia kwamba jambo hili linatoka Ulaya na Marekani, kwamba mabaa haya ni mpango wa kutuingilia. Nilisoma kidogo juu ya mabaa ya huko, na kilichonishangaza ni kwamba yanafungwa. Chuo kikuu kimoja cha London, UCL, kilihesabu kumbi na mabaa ya mji huo: 125 mwaka 2006, na 53 tu mwaka 2017. Marekani nako yamepungua sana. Watu wa New York bado wanakumbuka Stonewall Inn, ambako Juni 1969 wateja walikataa kukamatwa na polisi na vurugu ikaendelea kwa siku kadhaa. Wakati ule baa ilikuwa mahali pekee ambapo mtu wa namna hiyo aliweza kuketi bila kudanganya. Leo kodi za nyumba zimepanda, wengi wanaketi katika baa yoyote bila kuogopa, na kukutana kumehamia kwenye telefone. Programu ya Grindr ilianza mwaka 2009. Kwa hiyo anayesubiri kuona Ulaya ikitufungulia nganda Mapendo anasubiri bidhaa ambayo huko kwenyewe haitengenezwi tena.

Telefone ndiyo imefika, na haikuhitaji mpango wa mtu. Na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kuliko kwenye nganda.

Nganda, pamoja na ubaya wake wote, ina macho. Kuna mama wa kaunta, kuna jirani, kuna mlango unaofunguka barabarani. Mtu akipigwa humo watu watasikia. Chumba alichoelekezwa kijana kwa ujumbe wa Facebook hakina mama wa kaunta. Anazungumza juma mbili na mtu mwenye picha nzuri na maneno matamu. Anaalikwa. Anaingia, na nyuma ya mlango wako watatu, mmoja ameshika telefone anapiga video. Anavuliwa nguo, anapigwa, mara nyingine anafanyiwa mabaya zaidi. Kisha wanamwambia bei. Huko Nairobi na Kampala mtindo huu unajulikana kwa miaka mingi. Hapa umeota mizizi wakati huu ambapo mabenki yamefungwa na mji mzima unaishi kwa M-Pesa na Airtel Money: mnyang'anyi hana haja ya kukuona tena, anatuma namba tu.

Mama mmoja wa kwaya alikuja ofisini akiomba tumwombee kwa wenzake wa likelemba wampe zamu yake mapema. Nilimuuliza kuna ugonjwa? Alinyamaza muda mrefu. Ilikuwa deni la mtoto wake, la telefone, alisema. Nilidhani ni vifurushi. Kumbe kijana alikuwa amelipa mara tatu: dola 50, dola 80, kisha tena 50, na mara ya nne alikuwa ameuza godoro. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa kijana yuko hai na anaishi kati yetu. Nitataja mambo mawili tu, kwa ruhusa ya mama huyo. La kwanza, mmoja wa waliokuwa nyuma ya mlango ni mwimbaji wa parokia jirani. La pili ni kitisho chenyewe. Hawakumwambia watapeleka video kwa polisi. Walimwambia wataitia katika kikundi cha WhatsApp cha kanisa.

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Video ile ina bei gani? Polisi hawainunui. Sokoni haiuzwi. Bei yake ni sisi: ni kile ambacho yule kijana anajua tutamfanyia yeye na mama yake tukiiona. Kila ujumbe wa "nganda ya mashoga" tunaoupokezana, pamoja na ile mikono ya sala na alama za moto, unaipandisha bei hiyo. Wale watatu hawana mtaji mwingine. Wanafanya biashara kwa hasira ya kanisa, na faida wanachukua wao.

Na kijana huyo aende wapi? Wengine wanaamini kwamba sheria ya Kongo inamhukumu yeye kabla ya waliomnyang'anya. Si hivyo. Kitabu chetu cha sheria ya makosa hakiutaji uhusiano wa watu wazima wa jinsia moja kama kosa. Kuna kifungu cha 176 juu ya kuvunja adabu hadharani, na kimetumiwa mara nyingine kuwakamata watu. Mwaka 2010 na mwaka 2013 wabunge walileta mapendekezo ya kuweka kosa jipya, hayakupita. Juni 2024 Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, aliwaagiza waendesha mashitaka wawafuatilie wanaofanya matendo hayo. Ni agizo la waziri, bunge halikupitisha sheria. Lakini kunyang'anya mtu kwa vitisho ni kosa la wazi. Shida ni kwamba tangu Januari 2025 mahakama za serikali tulizozizoea hazifanyi kazi Goma, na kila mtu anafikiri mara tano kabla ya kwenda kumshitaki mwingine kwa mwenye silaha.

Ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka hapa, Rwanda ilijadili mwishoni mwa 2009 kulifanya jambo hili kuwa kosa, kisha serikali ikasema ni mambo ya faragha, ikaacha. Burundi iliweka kosa hilo mwaka 2009, na Desemba 2023 Rais wake alisema hadharani kwamba watu hao wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Watu wetu wengi ni wakimbizi Burundi sasa. Wamo na vijana wa namna hii kati yao, ndani ya hema moja na jamaa zao.

Sisi wahubiri tunapaswa kupima pia tulichochangia. Kati ya Desemba 2023, Roma ilipotoa andiko la baraka na Kardinali Ambongo akawaongoza maaskofu wa Afrika kulikataa, na Mei 2024, Wamethodisti wa Muungano walipoondoa katazo lao huko Marekani, mimbari zetu hazikupumzika. Ilikuwa halali kufundisha. Lakini mahubiri mengi niliyoyasikia hayakuwa mafundisho juu ya ndoa. Yalikuwa picha: jinsi wanavyotembea, jinsi wanavyovaa, jinsi ya kuwatambua. Msikilizaji alitoka ibadani akiwa na macho ya kutafuta, si neno la kuishi. Tusishangae kwamba amepata.

Tulipokuwa shule ya theolojia mwalimu wetu wa Agano la Kale alitulazimisha kusoma Kutoka 23 polepole. Aya ya kwanza inakataza kueneza habari ya uongo. Ya pili inakataza kuufuata umati kutenda ubaya. Zimewekwa pamoja, jirani kabisa, na mwenye kuziweka alijua kijiji ni nini. Kumbukumbu la Torati 19 inadai mashahidi wawili au watatu, na inamwadhibu shahidi wa uongo kwa adhabu ile ile aliyotaka impate mwenzake. Katika habari ya nganda yetu ningeridhika na shahidi mmoja. Nimeuliza, hajapatikana. Na kwa wanaonitajia Sodoma kila mara, nawaomba wafungue Ezekieli 16, aya ya 49, waone nabii anaanza na dhambi gani, kisha watembee kutoka hapo hadi kwa waliolala nje baada ya kambi kuvunjwa.

Kuna makelele ya redio usiku, kuna watoto wa miaka kumi na minne wanaouzwa katika nyumba za nyuma ambazo sisi sote tunazijua kwa avenyu na kwa mlango, na hizo hazina ujumbe hata mmoja katika vikundi vyetu. Nimepitia tena vikundi vitatu kabla ya kuandika hapa. Hata mmoja.

Sasa kwa viongozi wenzangu, mambo ya kufanya juma hili. Msimamizi wa kikundi cha parokia afute habari yoyote inayotaja nyumba au mtu bila shahidi, na video ya mtu aliye uchi ifutwe bila kutazamwa wala kupelekwa "kwa mchungaji aone". Aliyeituma aitwe, si aliyeonekana ndani yake. Wanakwaya na vijana waambiwe wazi, katika ibada, kwamba anayemnyang'anya mwenzake kwa picha atawekwa chini ya nidhamu ya kanisa kama mwizi mwingine yeyote.

Kwa mzazi au kijana aliyefikwa: usilipe mara ya pili, kwa kuwa ya tatu iko njiani. Usifute jumbe, hifadhi namba, tarehe na risiti za pesa za telefone. Tafuta mtu mzima mmoja anayejua kunyamaza. Kama ulilazimishwa kimwili, uwe mwanaume au mwanamke, nenda hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifanyi kazi baada ya hapo. HEAL Africa wanapokea waliotendewa ukatili wa namna hii. Mtu akiogopa kwenda peke yake, mchungaji amsindikize. Huna haja ya kumuuliza njiani alikuwa anakwenda kwa nani.